Jicho la Kondakta

Aliambiwa ukumbi utakuwa mtupu.

Gicheru mwenyewe, mchumba wake, ndiye aliyempigia simu siku ya Alhamisi. Alimwambia mazoezi ya Jumamosi yameahirishwa, na kwamba watu watakutana moja kwa moja Bungoma Jumapili, saa chache kabla ya tamasha. "Wewe kaa na mzee, mpenzi. Pumzika," alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Nabwile akakaa. Wiki nzima alikuwa kwao Lugulu akimuuguza babake aliyetoka hospitali siku ya Jumatatu baada ya kupasuliwa jicho. Leo alikuja Kitale kwa jambo moja tu, kuchukua vitabu vyake vya noti vilivyobaki kabatini, kisha arudi kwa mzee kabla jua halijatua.

Alipofika kwenye geti la kanisa, akasikia obo, ile zumari ya okestra.

Ilikuwa noti moja, ndefu na nyembamba, ile ambayo okestra nzima huifuata kulinganisha sauti za vyombo vyake kabla ya kuanza kupiga. Violini zikaidaka, kisha selo, kisha honi na tarumbeta, na mwisho zile besi kubwa zinazonguruma kama trekta la miwa likipanda mlima. Kwa miaka minne noti hiyo haikuwahi kutolewa ndani ya ukumbi ule kabla Nabwile hajainua mkono.

Akasukuma mlango.

Watu wote walikuwapo. Sitini na wawili, kila mmoja mahali pake, kuanzia kina mama wa violini mbele hadi kijana wa kugonga pembetatu ya chuma kule ukutani. Na juu ya kile kibao cha kusimamia alichochongewa Nabwile na fundi wa Kiminini ili wafupi wa nyuma wamwone, alisimama Bwana Wangila, mwalimu wa kwaya kutoka Bungoma, amevaa koti na tai, kijiti mkononi.

Noti ya obo ilikatika. Vyombo vingine vikanyamaza kimoja baada ya kingine, mpaka ikasikika saa ya ukutani.

"Mwalimu?" Linah, mpiga obo, ndiye aliyeanza kusema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Si ulisema hutakuja tena?"

"Nilisema wapi?"

Mzee Kipkemei, mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa okestra, aliiegemeza besi yake ukutani akaja polepole, akitoa karatasi kwenye mfuko wa shati.

"Nabwile, mwanangu. Hii barua tulisomewa Alhamisi. Ilituuma sana. Lakini tukasema, mtu akiamua ameamua."

Aliipokea. Ilikuwa imechapwa kwa kompyuta.

*Mimi, Nabwile Wakoli, najiuzulu kuongoza okestra kuanzia leo. Natarajia kufunga ndoa mwezi wa Desemba, na majukumu yangu mapya hayataniruhusu kuendelea. Naomba nisipigiwe simu kuhusu jambo hili maana uamuzi wenyewe umeniumiza. Nawatakia tamasha jema.*

Chini palikuwa na sahihi yake. Ile N yenye mkia mrefu, ule mstari unaopinda mwishoni. Aliitazama mpaka herufi zikaanza kucheza. Mtu aliyeiiga alikuwa ameiona mara nyingi, tena kwa karibu.

"Nani aliileta?"

"Sisi tulidhani unajua," Mzee Kipkemei alisema.

"Mzee, nani aliileta?"

"Ni Gicheru."

Nabwile aligeuza shingo kuelekea safu ya nyuma, kwenye tarumbeta tatu. Gicheru wa Wachira, mwanamume wa Kiminini aliyemvisha pete mwezi wa Agosti mbele ya babake na shangazi zake, alikuwa ameinama. Alikuwa akibonyeza vifungo vya tarumbeta yake, kimoja, cha pili, cha tatu, kama mtu anayehesabu.

Sasa ndipo Nabwile alipokumbuka. Alhamisi ile ile jina lake lilitolewa kwenye kundi la WhatsApp la okestra. Alimuuliza Gicheru, naye akamjibu kwamba simu ya mwenyekiti imeharibika, inawatoa watu ovyo. Waliwahi hata kulicheka jambo hilo.

"Endeleeni," alisema. "Tamasha ni kesho. Bwana Wangila, endelea tu. Mimi nitakaa."

Akapita kando ya ukuta hadi nyuma, akavuta kiti karibu na ngoma kubwa, na kwa mara ya kwanza akausikiliza muziki wake akiwa upande wa wapigaji.

Maana muziki ulikuwa wake. Miaka mitatu ya kwanza walikuwa na violini, selo, obo ya Linah na tarumbeta za vijana wa kanisa basi, wakipiga kwenye harusi na mazishi. Mwaka uliopita zilipatikana basuni mbili, honi nne na timpani, zile ngoma za shaba, ikawa okestra kamili, na Nabwile akathubutu kuandika kitu ambacho vyombo vichache havikuweza kukibeba. Dakika ishirini na nane, msimu mzima wa kupanda. Mvua ilikuwa violini zikidonolewa kwa vidole. Radi ilikuwa timpani. Obo ilikuwa mwanamke anayeita watu shambani, na basuni mzee anayemjibu akiwa mbali. Na karibu na mwisho, okestra yote inaposhuka na kunong'ona, tarumbeta moja ilipanda juu yao wote na kuimba peke yake. Sehemu hiyo aliiandika akimfikiria mtu mmoja tu.

Bwana Wangila aliinua kijiti. Alikuwa mtu mwema na mwalimu hodari wa kwaya, lakini alizifuata violini kama anavyofuata sauti ya kwanza, akawaacha wengine wajitafutie njia. Honi ziliingia zikiwa zimechelewa vipimo viwili vya mapigo. Timpani zikazimeza basuni. Kisha viola, wale wa katikati ambao msikilizaji hajui kama wapo mpaka wakosekane, wakapotea, na muziki wote ukalegea kama hema lililong'olewa vigingi. Wakaanza upya. Wakaanguka tena. Mara ya tatu Bwana Wangila alijifuta jasho akasema, "Tunywe chai kwanza."

Nabwile alitoka kwa mlango wa nyuma. Hakuhitaji kugeuka kujua ni nani anayemfuata.

Walisimama kando ya tangi la maji. Gicheru alinyoosha mkono.

"Usiniguse."

Mkono ukarudi. "Nabwile, nilikuwa nije Lugulu leo jioni. Nikueleze."

"Unieleze nini?"

Gicheru alikwangua kokoto kwa kiatu.

"Nakuuliza. Ungefika kwetu, ukakaa mbele ya Baba, ukaniambia nini? Kwamba umeandika barua kwa jina langu?"

"Ningekwambia..." Alimeza mate. "Ningekwambia kamati imeamua kumpa Wangila."

Ilimchukua muda neno hilo kumwingia.

"Yaani wao umewaambia nimewaacha. Na mimi ungeniambia wameniacha."

"Nilitaka yaishe bila kelele."

"Kelele ya nani, Gicheru? Miaka minne. Nimewatafuta hao watu kijiji kwa kijiji. Linah nilimfundisha kushika ile obo akiwa hajui ni filimbi au ni bomba. Na wewe umetaka tuachane kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemtupa?"

"Ni Mama," alisema haraka. "Si ulimsikia mwenyewe Jumapili? Hakupenda. Mimi ningefanya nini, nigombane na mamangu kabla ya harusi?"

Alikuwa amemsikia, ndiyo. Jumapili iliyopita walikwenda Kiminini kula chakula cha mchana kwa Mama Gladwell, mjane mwenye shamba la mahindi na duka la mbegu. Mukimo ulipokwisha na chai ikaletwa, mama huyo alimgeukia mkwe wake mtarajiwa akasema, "Nilisikia wewe ni kondakta. Nikajiuliza, kondakta wa matatu gani?" Watu walicheka. Nabwile akaeleza. Mama Gladwell akasikiliza, kichwa kimeinama upande. "Sasa hao watu sitini wako na vyombo, wewe huna. Wao wanalia, wewe umenyamaza. Kazi yako ni gani hapo?" Nabwile akasema mtu wa tarumbeta hawezi kumsikia mtu wa selo, na mtu wa selo hajui honi ziko wapi, ni lazima awepo mmoja wa kuwasikia wote. "Na wanaume wazima wanakubali kupungiwa fimbo na msichana?" mama aliuliza. Hapo Gicheru akadakia: "Mama, hilo niachie mimi."

Nabwile alidhani maana yake ni kwamba atamfafanulia mamake. Sasa alielewa.

"Kwa hivyo mamako alikwambia niache."

"Alisema... Mama hana haja ya kusema. Mimi namjua."

Viatu vilisikika kwenye kokoto. Wote wawili wakageuka.

"Watu wa muziki wanakunywa chai wapi?" Alikuwa Mama Gladwell, amejifunga kitambaa chake cha kanisani, kiondo kimoja begani na chupa kubwa ya chai mkononi. "Nimeleta mandazi. Sikujua mko wangapi, nimekaanga mpaka mafuta yakaisha."

"Mama?" Sauti ya Gicheru ilikuwa ya mtoto. "Umekuja kufanya nini huku?"

"Wewe si hukuniambia. Ni Nyaruai jirani aliniambia mazoezi ni leo, msichana wake anapiga violini. Nikasema wacha niende nione hii kazi ya Nabwile, nisikae na ujinga." Aliweka chupa chini. Akamtazama mwanawe, akamtazama Nabwile. "Kuna nini? Mko kama watu wamefiwa."

Nabwile akampa ile karatasi.

Mama Gladwell alitafuta miwani yake kwenye kiondo, akaivaa, akasoma taratibu huku midomo ikitikisika. Alipomaliza akarudia mstari wa katikati.

"Unaacha? Kwa nini?"

"Sikuiandika mimi, Mama. Imeandikwa na Gicheru. Anasema wewe hutaki bibi-arusi wa kuwapungia wanaume fimbo."

"Mimi?"

Alivua miwani. Nabwile akaona kwenye uso ule wa mama mzima mshtuko ule ule uliokuwa kwenye uso wake.

"Mimi niliuliza swali," alisema. "Mtu akiuliza anataka kujua. Gicheru, niangalie. Babako alipokufa, nani alisimama mbele ya vibarua ishirini, wanaume watupu, akawaambia leo palilieni huku, kesho mvune kule? Kuna mtu alinipokonya jembe? Lini nilikwambia huyu mtoto aache kazi yake?"

"Hukusema."

"Basi usinivalishe nguo ambayo sikushona. Sema ni nani."

Gicheru aliegemea tangi.

"Si Mama," alimwambia Nabwile, akitazama viatu vyake. "Ni mimi. Ni lile jicho."

"Jicho gani?"

"Jicho lako. Ukiwa pale mbele." Aliongea kwa kukwama, kana kwamba kila neno lilivutwa kwa kamba. "Linah akikaribia kuingia, unamtazama. Unamtazama kabla hajavuta pumzi, kama mtu unayemjua tangu utoto. Wa basuni unamtazama. Yule wa selo, na mke wake amekaa pale pale, unamtazama, na yeye anapiga kama amefunguliwa. Hata yule wa pembetatu. Anagonga mara mbili kwa dakika ishirini na nane, na mara zote mbili unamtafuta. Nilidhani hilo jicho ni langu, Nabwile. Siku ya kwanza uliponitazama hivyo, ndiyo siku nilianza kukupenda. Kisha nikaona ni la kila mtu."

"Hiyo ni kazi. Bila hilo jicho hawawezi kuingia."

"Najua ni kazi. Lakini mimi hata hiyo kazi sipati. Ile sehemu yangu ikifika, nikisimama nipige peke yangu, unageuza uso. Kila Jumamosi, miezi tisa. Watu sitini na wawili, na mimi peke yangu ndiye huniangalii. Kesho ungenigeuzia uso mbele ya Bungoma nzima. Nikasema afadhali Wangila asimame pale. Huyo asiponitazama, haitaniuma."

Mama Gladwell aliketi juu ya jiwe kubwa kando ya tangi, akawageuzia mgongo.

Nabwile alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, wivu, mwanamke mwingine, hata ukabila wa wajomba. Hili hakuliwazia hata siku moja.

"Unapoanza kupiga peke yako," alisema polepole, "okestra yote inashuka chini yako. Ni lazima nihesabu vipimo kumi na sita bila kupoteza hata kimoja, ndipo niwarudishe watu wote kwa pamoja. Unakumbuka mwezi wa Machi, honi zilipoingia vibaya nikawaambia watu kosa ni langu?"

"Nakumbuka."

"Siku hiyo nilikutazama. Nilikutazama wewe nikasahau niko kipimo gani. Nikasahau niko wapi. Tangu siku hiyo nilijikataza. Pale ndani naweza kumtazama mtu yeyote na mkono wangu usitetemeke, Gicheru. Ni wewe tu ambaye sikuweza."

Aliliona neno likimfikia. Aliona mdomo wake ukifunguka, rangi ikimpanda usoni kisha ikimwacha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniandikia barua."

Mlango wa nyuma ulifunguka. Bwana Wangila alichungulia, tai imelegea, kijiti kimelala kwenye viganja viwili kama kitu cha mwenyewe kinachorudishwa.

"Mwarimu," alisema kwa Kiswahili chake cha Bungoma, "mimi ni mtu wa kwaya. Kwaya iko na sauti nne, hizo nazijua kama watoto wangu. Huu ukurasa wako uko na mistari ishirini na miwili. Nikishika ya juu, ya chini inatoroka. Kama hiyo barua si yako, bana, naomba unitoe kwa hii aibu."

Nabwile alikichukua kijiti.

"Na mimi?" Gicheru aliuliza.

"Tamasha ni kesho, na hakuna mwingine anayeweza kupiga ile sehemu. Ingia ukae mahali pako."

Ilikuwa sauti ile ile aliyoitumia kwa wote, kila Jumamosi. Gicheru aliitambua, akainama.

Ndani, Nabwile alipanda kwenye kibao. Kabla hajasema neno, kiti kilikwaruza sakafu kule nyuma.

"Ile barua niliiandika mimi," Gicheru alisema akiwa amesimama. "Na sahihi ni mimi. Yeye hakujua lolote."

Jerono, msichana wa tarumbeta ya pili aliyeketi karibu naye, alisogeza kiti chake kando kidogo. Mama Gladwell, aliyekuwa ameshika mlango na kiondo chake, alifumba macho.

"Kipimo cha kwanza," Nabwile akasema.

*

Kanisa la Bungoma lilijaa mapema siku ya Jumapili. Saa tisa kamili, alipotokea kuelekea jukwaani, alimwona babake kwenye benchi la mbele, Mzee Wakoli, jicho la kushoto limefunikwa pamba na plasta nyeupe kwa ajili ya ule upasuaji. Kando yake alikaa Mama Gladwell. Nabwile hakujua kama wameambiana kitu. Walikaa kama wazee wanaosubiri hukumu, mikono juu ya magoti.

Alikuwa hajalala vizuri na hajalia bado. Tangu jana jambo lote lilikuwa limesimama kifuani mwake kama chakula kisichoshuka.

Aliinua mkono. Mvua ikaanza.

Wale waliokuwepo watasimulia kwamba hawakuwahi kusikia kitu kama kile. Violini zikidonolewa, watu walitazama juu ya paa. Timpani zilipopiga, mtoto mmoja alimkumbatia mamake. Obo ya Linah iliita shambani na basuni ikajibu kutoka mbali, na mara hii kila mtu aliisikia, kwa kuwa Nabwile aliwazuia wa ngoma kwa kiganja kimoja huku akiwaita viola kwa jicho. Honi nne ziliingia kwa wakati wake, laini na pana, kanisa likawa kama limeongezwa kuta. Mama Gladwell alikuwa ameinama mbele, hatazami vyombo. Alitazama mkono ule mmoja usiotoa sauti, akiufuata kila unakokwenda, na kila ulikokwenda mtu aliamka.

Kisha okestra ikashuka. Gicheru akasimama.

Nabwile aliisikia pumzi yake kabla ya noti. Tarumbeta ikapanda, safi, yenye maumivu ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Alipiga kama mtu anayeomba radhi kwa lugha pekee anayoijua vizuri. Moja, Nabwile alihesabu. Mbili. Tatu. Naye akaamua. Akainua uso akamtazama.

Alimtazama kipaji cha uso, macho, mashavu yaliyojaa upepo. Nne. Tano. Alisubiri moyo umruke kama mwezi wa Machi. Alisubiri apotee. Tisa. Kumi. Mkono wake uliendelea kwenda, shwari kabisa, na kila kipimo kilikuwa wazi kichwani mwake kama namba za milango. Kumi na nne. Kumi na tano. Kwenye kumi na sita aliwaita wote, na watu sitini na mmoja wakaingia pamoja kama mlango mmoja unaofunguka.

Hakupoteza hata kimoja. Hilo lilimshtua kuliko barua.

Na Gicheru aliona. Alishusha tarumbeta akabaki akimtazama, muziki ukinguruma pande zote, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepewa alichokiomba na kugundua ni jicho lile lile la kila mtu.

*

Watu walipokuwa wakipongezana nje, Gicheru alimfuata Nabwile hadi kwenye ngazi za upande.

"Umenitazama."

"Ndiyo."

"Na hukupotea."

"Sikupotea."

Alisimama pale akizungusha tarumbeta mikononi. Ndani ya kanisa watu walikuwa wakikunja viti na kuvirusha juu ya vingine.

"Ile ya Machi itarudi?" aliuliza. "Nikingoja?"

"Sijui, Gicheru. Ningejua ningekwambia. Desemba hakuna harusi. Pete atakuletea shangazi yangu, kwa heshima, kama mlivyoileta."

"Nabwile, nakupenda."

"Najua. Sijawahi kusema hunipendi." Akahamisha kijiti mkono wa pili. "Mazoezini njoo. Nyumbani kwetu usije."

Gicheru alitikisa kichwa kukubali, mara mbili, tatu, akashuka ngazi bila kuaga. Mama Gladwell alikuwa anangoja chini. Hakumfuata mwanawe. Alikuja akamshika Nabwile mikono yote miwili.

"Nimeiona kazi yako," alisema. "Sitakuomba umsamehe. Ningekuwa mamako ningekukataza. Lakini ukija Kiminini, hata kwa shughuli zako tu, kwangu utaingia."

"Asante, Mama."

"Mandazi ya jana yalibaki. Nimempa mzee."

Jirani yao wa Lugulu alikuwa na gari dogo. Aliwapakia wote wawili nyuma, baba na binti, mfuko wa mandazi katikati yao. Walipita soko, wakapita mashamba ya miwa. Mzee alikuwa ameshaelezwa yote, Nabwile alijua, maana Mama Gladwell hakuwa mtu wa kuficha. Mwishowe akauliza, "Umemwambia nini kijana?"

"Nimemwambia hakuna harusi, Baba."

"Bado unampenda?"

Nabwile alifungua mdomo kujibu, na kile kitu kilichokuwa kimesimama kifuani tangu jana kikateleza. Alijifunika uso kwa viganja. Alijaribu kukizuia kwa ajili ya dereva, kwa ajili ya babake aliyetoka hospitali juzi tu, akashindwa.

Mzee Wakoli aliuhamisha mfuko wa mandazi upande wa pili, akasogea, akamlaza kichwa begani, upande wa lile jicho lililofungwa.

"Lia, mama," alisema. "Upande huu mimi sioni."

Nabwile akalia mpaka Lugulu.